Lori la Kampuni Limeanguka Ukaguzi

Alhamisi, jioni. Mawingu mazito upande wa Kesses, na baridi ile ya kabla ya mvua za kupanda.

Sina raha leo. Nimekaa mlangoni na daftari magotini. Nikikaa ndani nitautazama ukuta wa nyuma ya kitanda, na sitaki kuutazama kwa sasa.

Lori la kampuni limeanguka ukaguzi.

Nimeuandika mstari huo peke yake ili niuone vizuri. Mwenyekiti wetu, Mzee Kariuki, anasema si neno, karatasi ni karatasi na barabara ni barabara. Kesho gari la moshi litafika Eldoret likiwa na akina mama, wazee na watoto wa wanakampuni, wanahama kabisa kutoka kwao Central na vitanda vyao na sufuria zao. Mzee anataka niende na lori stesheni, niwapakie wote, niwalete shambani. Na hakuna njia ya kuingia shambani isipokuwa kushuka mteremko wa daraja la mbao.

Mimi ndiye ninayejua pedali ya breki inavyokuwa pale.

Niseme kwanza nilivyo katika kampuni hii, maana siku zingine najisahau. Wenzangu walichanga, wakaungana, wakanunua shamba la mzungu alipoamua kurudi kwao. Walinunua ng'ombe, stoo, trekta na lori. Mimi nilikuwa dereva wa lori, kwa hiyo walinikuta ndani yake. Baba yangu alichunga ng'ombe wa mzungu huyo huyo, na nyumba niliyozaliwa ilikuwa hapo chini karibu na kijito. Sina sheya, hisa ya kampuni, hata moja. Lakini Mzee Kariuki alisimama mbele ya kamati akasema shamba likikatwa vipande, ile kona ya kijito itakuwa ya dereva. Hakuna aliyepinga. Hajawahi kunidanganya, ndiyo sababu naogopa kumkosea.

Kona ile naipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Sasa habari ya lori. Mwaka jana, Jumapili moja watu wakiwa kanisani, mtu alilichukua akaenda kubeba makaa. Jioni tulilikuta limerudishwa, bampa limepinda na vumbi jeusi limejaa nyuma. Hakuna aliyekubali. Mkutano uliofuata ulikuwa wa kelele tupu. Kila mmoja alimtazama jirani yake kama mwizi, mpaka mzee mmoja akasema, "Sisi tunagawa shamba ndio kila mtu awe na yake. Kwa nini hii lori hatugawi?" Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakapiga kura.

Tangu siku hiyo lori letu likirudi safari, linagawanywa. Mmoja anabeba betri, mwingine anabeba kiti, mwingine kioo cha pembeni. Yule wa kioo anakitumia kunyolea ndevu, na kila mtu anajua. Siku ya safari wanakuja asubuhi na mapema, kila mtu na kitu chake, na mimi nalala chini ya lori na spana kulirudisha liwe gari. Hakuna anayeweza kuliiba, kwa sababu kuiba lori hili ni lazima uamshe kijiji kizima. Kusema kweli nilikuwa naona fahari kidogo. Nilikuwa nawaambia madereva wenzangu mjini, na wao wanacheka hadi wanashika mbavu.

Usukani wenyewe walimpa Mama Nyambura. Ni mjane, hana ukoo mkubwa hapa wa kumsumbua, na hakuna mtu aliyewahi kumshika kwa uongo. Anautundika ukutani na kuufuta vumbi kila siku kama sahani ya wageni.

Mzee Kariuki kama mwenyekiti alichagua mwenyewe. Alitaka kitu kidogo, kinachoingia mfuko wa koti, ili asionekane akibeba mizigo mbele ya watu. Aliinama chini ya lori, akaona mpira wa breki, ule mfupi unaopitisha mafuta ya breki hadi kwenye gurudumu la mbele. Akasema, huo huo. Nilimwambia kila nikiufungua hewa inaingia na inabidi nianze kuitoa upya. Akasema hewa ni ya bure, toa.

Sikujua anauweka wapi. Leo ndio nimejua, na mkaguzi amejua, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wamejua.

Tulifika uwanja wa ukaguzi mapema, mimi na Mzee Kariuki. Magari yalikuwa mengi na karibu yote yalikuwa yanaanguka. Pikapu ya maziwa ilirudishwa kwa ajili ya taa za nyuma. Lori la mbao lilikuwa na springi zimelala kabisa kwa kubebeshwa kupita kiasi, na mwenyewe anabisha kwamba lilizaliwa hivyo. Moja lilitoa moshi hadi tukakohoa sote. Tairi ndizo zilizoangusha wengi, zimeisha hadi unaona nyuzi, halafu mtu amezipaka rangi nyeusi akidhani mkaguzi anaangalia rangi. Nilisimama nikiwacheka moyoni.

Ilipofika zamu yetu kicheko kiliisha.

Mkaguzi ni kijana mpole, mwenye koti jeupe na sauti ya chini. Hakutukana mtu. Aliomba honi, honi ikanyamaza, maana mwenye honi alikuwa ameifunga waya kinyume kwa haraka zake za kusaidia. Aliomba taa, moja ikawaka. Alishika usukani akauzungusha huku na huku, ukacheza kabla magurudumu hayajasikia, kwa sababu ya kufunguliwa na kufungwa kila mara. Tairi mbili za nyuma si ndugu. Yote hayo aliandika bila kuinua macho.

Kisha akapanda akakanyaga breki. Nilimwona uso ukibadilika. Alikanyaga tena, na tena, na kila mara mguu ulienda chini kama mtu anayekanyaga matope.

Akalala chini ya lori kwa muda mrefu. Aliponiita niangalie, alikuwa ameukunja mpira wa breki kidogo tu kwa vidole, na nyufa zikafunguka mwili mzima kama ganda la maharagwe makavu. Mafuta yalikuwa yanatoka hapo kama jasho. Ulikuwa mgumu, mweusi kuliko kawaida, na unanuka moshi.

"Hii mlikuwa mnapika?" aliuliza.

Alidhani anatania. Mzee Kariuki hakutania. Alieleza kwa heshima, kama mtu anayeeleza alivyolea mtoto, kwamba amekuwa akiutundika juu ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu. Kila mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya kulima anajua kwamba kitu cha maana kinawekwa pale juu, kwenye moshi, ambapo mdudu hafiki na unyevu haufiki. Mbegu ya msimu ujao inakaa pale. Mpira wa breki ulikaa na mbegu miezi yote hii, ukitunzwa kuliko kitu kingine chochote katika lori zima, na utunzaji ndio ulioumaliza.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Mkaguzi alimjibu kwa heshima ile ile. "Mzee, mahindi inataka moshi. Mpira haitaki." Akatuandikia karatasi na kuisoma kwa sauti ili mimi nisikie: lirudi tupu, polepole, na lisibebe mtu hata mmoja mpaka breki zitengenezwe. Tulipita madukani tukiutafuta mpira mwingine. Lori ni la zamani, la mzungu, na kila duka likasema uagizwe Nairobi, labda wiki ijayo. Malori ya kukodi nayo yote yameshachukuliwa kubeba mbegu na mbolea.

Wiki ijayo. Na gari la moshi ni kesho.

Hapa lazima nijisemee ukweli, maana kama sitausema kwa daftari nitausemea wapi. Pedali ilianza kulegea zamani kidogo. Nilikuwa naipampu, nashuka na gia ya kwanza, natumia hendibreki, na lori linasimama. Watu wananisifu, wanasema dereva wetu hata akipewa mkokoteni atafika. Nami nikanyamaza. Sifa ni tamu, na kona ya kijito ni tamu zaidi.

Tuliporudi, Mzee alikaa kando yangu. Juu ya mteremko nilisimamisha, nikamwomba ashuke atembee. Alikataa. "Mwenyekiti akishuka, watu watasema nini?" Basi tukashuka wote wawili. Katikati ya mteremko pedali ilifika chini ikabaki huko. Nilivuta hendibreki kwa mikono yote miwili, injini ikalia kwa gia ya kwanza, na tukaingia darajani bampa likikwaruza mbao za ukingo. Lori lilikuwa tupu. Jasho lilinitoka hadi miguuni, na baridi yote hii.

Mzee Kariuki akanipiga bega. "Umeona? Si tumefika?"

Hilo ndilo linalonitesa. Tulifika. Sasa kufika kwetu ndiko ushahidi wake.

Mchana kamati ilikutana penye stoo. Nilisema wazi kwamba breki hakuna, kwamba tukipakia watu na vitanda lori halitasimama pale chini, na mvua ikinyesha ndio kabisa. Mmoja akasema mkaguzi alitaka chai. Mwingine akasema huyo ni yule yule wa wakati wa mkoloni, aliyekuwa anaangusha magari ya Waafrika, amebadilisha ngozi tu. Mama mmoja mcha Mungu akasema ajali haina kinga. Nilitamani kumwambia, Mama, hii ina kinga, ni mpira mrefu kama kiganja changu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga pedali ile.

Kisha Mzee Kariuki akasimama. Hakupaza sauti.

"Mama yangu ameishi kwa shamba ya watu miaka yake yote," alisema. "Hajawahi kukanyaga mchanga yake. Kesho anashuka gari ya moshi. Mnataka nimwambie akae stesheni juu ya mzigo, ati kwa sababu mtoto wake alikausha mpira?"

Nilimhurumia kweli, na watu wote walimhurumia, na hapo ndipo niliposhindwa. Akanigeukia. "Dereva, kama unaogopa, si dhambi. Mwangi wa trekta ataendesha."

Mwangi alikuwa amesimama nyuma, anatabasamu hadi masikioni. Mwangi anajua kwenda. Kusimama, matope ndiyo humsimamishia trekta.

Basi nikaona kwamba hata nikikataa, lori litaenda. Nikikubali, nitawashusha mteremko ule mimi mwenyewe. Mkutano ukafungwa kwa maombi, nikalala chini ya lori na spana kama kawaida, nikawagawia watu vitu vyao. Mzee Kariuki aliupokea mpira wake akaufunga kwa kitambaa. Atauchua kwa mafuta ya kondoo usiku huu, kasema, maana mafuta ya kondoo yanalainisha kila kitu. Nilimwambia hautalainika. Alinitazama kama anayemwombea mtu mwenye imani haba.

Mama Nyambura alichukua usukani wake akaenda.

Nilimwangalia akipanda njia ya laini, nyumba zile ndefu za wafanyakazi wa zamani, usukani ukiwa umening'inia mkononi kama kikapu, na wazo likanijia. Kampuni hii haiaminiani hata kidogo. Ndiyo maana mtu mmoja tu akikosa kuja na kitu chake asubuhi, lori halitoki. Mimi sina kitu. Lakini yeye anacho.

Nilimfuata. Nilikwenda polepole, nikitumaini kwamba nitabadilisha nia njiani.

Yeye ndiye niliyestahili kumwogopa kuliko wote. Watoto wake wawili wako kwenye gari la moshi, Nyambura na mdogo wake. Aliwaacha kwa nyanya yao alipokuja kutafuta shamba, na yule mdogo alikuwa hajaanza kutembea. Nilimkuta amepanga sahani mbili za bati mezani, mpya, na godoro la majani limeshonwa. Chumba kizima kilikuwa kinangoja.

Nilimweleza yote kuhusu pedali, nyufa na daraja. Hata nilivyonyamaza nilimwambia. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Baba Chebet," akasema, "lakini ikiwa ni wewe unaendesha. Si utafika?"

Nimekuwa dereva tangu ujana wangu. Hakuna swali ninalopenda kuulizwa kama hilo, na jibu lake siku zote ni moja. Leo halikutoka.

"Mama, sijui."

Alikaa chini. Sijawahi kuona mtu akikaa hivyo, kama aliyewekewa gunia begani. Aliziangalia zile sahani kwa muda. Nilidhani atanifukuza, na angenifukuza ningeshukuru, ningerudi nyumbani nikasema nilijaribu.

Alisimama akautoa usukani msumarini, akauweka mikononi mwangu.

"Wakija hapa asubuhi waniambie watoto wako wanakungojea stesheni, mimi nitawapa," alisema. "Najijua. Chukua. Kaa nayo wewe." Na nilipofika mlangoni akaongeza, "Mimi nilikuja hapa na miguu kutoka Kesses. Hata wao wako na miguu."

Nimerudi nao chini ya koti, nikipita nyuma ya boma kama mwizi wa kuku. Ni kitu cha kwanza cha kampuni kukaa nyumbani kwangu.

Mke wangu aliuona kabla sijauficha. Alimimina chai, akauliza ni nini, nikamweleza. Yeye hana maneno ya kuzunguka. "Na ukikosa hiyo shamba utalima wapi? Kwa usukani?"

Ndilo swali lenyewe. Nimelizungusha kichwani tangu hapo. Mzee Kariuki hatanisamehe mbele ya mama yake. Kona ya kijito itapewa mtu mwenye sheya, na nitakuwa mgeni mahali ambapo kitovu changu kilizikwa. Chebet wangu atauliza siku moja kwa nini wenzake wana mashamba. Naona hayo yote waziwazi, na yananiuma. Nina hasira pia, na sijui nimkasirikie nani. Nimkasirikie mzee aliyeutunza mpira kama mbegu? Nimkasirikie mama mkongwe anayetaka kukanyaga mchanga wake?

Mke wangu hakungoja jibu. Aliinuka akajifunga shuka, akaenda kwa kaka zake ng'ambo ya kilima. Nilidhani amekasirika. Amerudi sasa hivi, wakati naandika mstari wa juu. Ameomba mikokoteni miwili ya ng'ombe. Kesho itangoja Kesses, na watu wanaweza kufika Kesses kwa basi la mjini. Ng'ombe watashuka ule mteremko polepole, kwa miguu yao wenyewe. Aliniambia hayo akiwa amenipa mgongo, akichochea moto.

Mvua imeanza, matone makubwa yaliyoachana. Mteremko utakuwa sabuni.

Nimejaribu kuandika hapa maneno nitakayomwambia Mzee Kariuki. Nimefuta mara nyingi. Nataka ajue kwamba mama yake atakanyaga mchanga wake kesho, atafika amechelewa, amelowa, na amechoka na mkokoteni, lakini atafika. Nataka ajue pia kwamba simchukii. Hayatoki vizuri, na sidhani asubuhi yatatoka vizuri zaidi.

Atakuja alfajiri na mpira wake uliopakwa mafuta, atamkosa Mama Nyambura na usukani penye stoo, ataulizia, na mwisho atabisha hapa. Usukani nimeutoa nyuma ya kitanda. Uko magotini mwangu, chini ya daftari hili. Akibisha nitafungua mlango nikiwa nimeushika.